Ndogo Hubebeka, Ndogo Husahaulika

Mtaulizwa swali hili kabla hamjamaliza kupangusa kioo cha kaunta asubuhi: "Mama, nichukue ndogo au kubwa?" Mimi niliulizwa miaka yote niliyofanya kazi kwenye duka la silaha hapa Kisumu, na kabla ya hapo niliulizwa nikiwa bado navaa magwanda, mtunza ghala la silaha la polisi. Sasa nimestaafu, nakaanga maandazi Kaloleni kwa raha zangu, na bado watu wenye leseni zao hunifuata na kuniinamia juu ya karai la mafuta: "Mama Rama, ndogo au kubwa?" Huwa nawaambia wanunue maandazi kwanza.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza kazi hii, kaeni niwaeleze ninayoyajua, na mkinikatiza nitanyamaza, maana sina subira kama zamani. Wala zamani sikuwa nayo.

Tuanze na kubwa. Bastola kubwa ni ya heshima. Inajaa mkononi, vidole vyote vinapata pa kukaa, na ukifyatua, uzito wake wenyewe unameza teke. Kilengeo cha mbele kiko mbali na cha nyuma, kwa hiyo jicho halidanganyiki upesi. Risasi zinaingia nyingi. Siku ya shabaha, mwanafunzi mwenye bastola kubwa anatoka uwanjani akitabasamu, na mwenye ndogo anatoka akitafuta wa kumlaumu.

Sasa ivae uende nayo mjini. Unajua jua letu. Bastola kubwa inataka koti, na mtu anayevaa koti Kisumu saa nane mchana ama anaenda kuoa, ama anaenda kortini, ama ana bastola. Wezi pia wanajua hesabu hiyo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye nyumba za kupangisha, mtu mkubwa wa mwili, akaniambia yeye hahitaji koti, shati lake la kitenge linatosha. Likatosha kweli alipokuwa amesimama. Akaenda kula samaki kule ufukoni, na mnajua kwetu mgeni hanawi kwa bomba. Msichana alikuja na jagi na beseni, bwana akainama anawe, shati likapanda mgongoni, na nyuma yake palikuwa na meza nzima ya akina mama wa chama. Mmoja alipiga ukemi uliosikika mpaka kwenye maji. Msichana alimwaga jagi lote kwenye suruali ya bwana yule na kukimbia. Samaki wake alikuja kuletwa na mpishi mwenyewe, aliyeisukuma sahani kwa mbali kwa mwiko.

Tangu siku hiyo nikaweka sheria yangu: kila mteja wa bastola ya kubeba kwa siri lazima ainame mbele yangu kama anayenawishwa, kisha nimkumbatie kama shangazi yake. Watu wa mbali hupima kificho kwa macho. Huku kwetu watu wanakumbatiana kanisani, matangani, sokoni, hata wakikutana benki, na mikono ya shangazi inaona kuliko macho yake. Mabwana wengi waliona haya kukumbatiwa na mwanamke wa buibui dukani. Niliwaambia haya ni bei nafuu.

Ndipo huja mtu na kusema, basi nipe ile ndogo. Na ndogo ina raha zake, sitawadanganya. Inakaa kwenye kiganja kama mche mdogo wa sabuni. Inaingia ndani ya suruali ya kawaida, chini ya fulana ya kawaida, hata ya mtu mwembamba. Ukiinama haionekani. Ukikumbatiwa juu juu haijulikani. Unaweza kuibeba kutoka asubuhi mpaka jioni na kiuno kisikulalamikie, na bastola unayoibeba inakufaa kuliko ile kubwa uliyoiacha kabatini kwa sababu inakuchoma mbavu.

Lakini mchagua jembe si mkulima, na hili jembe dogo linauma. Mara ya kwanza nilipopiga bastola ndogo nilikuwa nimezoea zile kubwa za kazini, nikaishika juu sana kwa ujuaji. Chuma cha juu kikarudi nyuma na kunichuna hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada. Alama bado ipo, njooni muione. Ndogo inapiga teke zito kwa sababu haina mwili wa kulizuia. Kidole cha mwisho kinaning'inia hewani bila kazi. Risasi ni chache. Na watu hudhani kitu kidogo ni chepesi kukivuta. Hapana, springi yake ni fupi na ngumu. Nimemwona mnyanyua magunia wa soko la Kibuye, kifua kama mlango, akivuta chuma kile cha juu mpaka machozi, huku mwalimu wa shule ya chekechea akikivuta mara moja kwa sababu alisikiliza nilipomwambia ashikilie nyuma na asukume mpini mbele.

Yote hayo nilifundishwa na Mzee Okumu, fundi wa silaha aliyenipokea ghalani nikiwa msichana. Mzee Okumu alikuwa hacheki na chuma, alicheka na watu tu. Aliniambia, "Nyathina, mtoto wangu, bunduki ni kitu rahisi. Binadamu ndiye ana vipuri vingi." Na ni yeye aliyenifunza mambo ya sabuni.

Sabuni ni hivi. Kabla mtu hajachagua, alikatiwa mche wa sabuni ya kufulia kwa ukubwa wa bastola anayoitaka, ukafungwa vipande vya risasi, vile vizito vya nyavu za wavuvi, ili ufikie uzito, ukatiwa kwenye mfuko wa ngozi. Alienda nao wiki moja kila mahali: kazini, kanisani, msalani. Wiki ikiisha analeta sabuni, nasi tunaisoma. Ikiwa imebonyea upande mmoja, kiti cha gari kinaibana. Ikiwa na alama za kidole, mtu huyu hawezi kuacha kuigusagusa, na mwenye kuigusagusa anamtangazia kila mtu. Ikiwa imevunjika, ilianguka, na tunauliza ilianguka wapi. Nilipohamia dukani nikaenda na sabuni zangu. Wenye duka walinicheka mpaka walipoona wateja hawarudishi bidhaa.

Kuna mchuuzi wa mitumba aliyenyeshewa akiwa amebeba ya kwake. Mvua yetu haibishi hodi. Alikuja akikimbia kutoka Kibuye, povu likimtoka kiunoni na kushuka miguuni mpaka kwenye viatu, watoto nyuma yake wakiimba. "Mama Rama," akasema, "nimeoshwa dhambi." Alichagua kubwa, kwa hasira, na ilimfaa.

Siku hizi wateja huja wameshatazama video usiku kucha, wanaijua kila springi kwa jina. Vizuri. Lakini video haijawahi kunawishwa mikono wala kukumbatiwa na shangazi. Kateni sabuni.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu nisipoliweka hapa mtalirudia, na mimi nitakuwa nimelala kaburini nikilisikia.

Nereah alikuwa na malori ya miwa Muhoroni. Mjane, mwenye sauti, mwenye kucheka, aliyewahi kuvamiwa barabarani na kunusurika kwa kujitupa kwenye miwa. Alikuwa na leseni yake kwa haki. Akachagua ndogo kuliko zote. Nikamkatia sabuni, siku ya pili akarudi nayo ikiwa safi, haina mkunjo.

"Iko sawa," akasema. "Hata sikusikia kama niko nayo."

"Uliivaa wapi?"

"Kwa handibegi. Mama Rama, mimi ni mwanamke mnono, sina pahali pa kuweka hiyo vitu yenu ya kiuno. Na wewe vile unajua hii kazi, wewe mwenyewe uniambie kama handibegi ni mbaya."

Ningemwambia ndiyo, ni mbaya. Nilijua. Lakini alikuwa ameleta muwa wa kutafuna kwa duka zima, alikuwa amenisifu mbele ya tajiri wangu, na kungoja wiki nzima ya sabuni kulikuwa kumenichosha. Nikasema, "Basi, mradi mkoba usitoke mkononi mwako." Nikatia sahihi. Tukawa marafiki. Na kila siku alipita kuniambia jinsi ilivyo nyepesi, kwamba siku nyingine husahau kabisa, nami nikacheka naye kama mjinga.

Mwanawe wa pekee alipopata mchumba, Nereah aliniomba niwe miongoni mwa wanawake wa kumsindikiza ukweni, upande wa Sondu. Njiani alikuwa amenuna. Msichana, jina lake Awuor, hakumpenda.

"Ni mnyamavu sana. Unamuuliza kitu anaangalia chini. Mtu wa hivyo hawezi shika boma. Nimeambia Jaduong' avute hiyo maneno ya ng'ombe mpaka hawa watu wachoke, tuende nyumbani."

Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, ndiye aliyekuwa msemaji wao, mjomba wa marehemu mumewe, na kwa kuvuta maneno hakuwa na mpinzani. Nikamwonea huruma kijana, aliyekuwa kwenye gari la mbele yetu amevaa tai, hajui mama yake amekuja kuvunja.

Tukafika. Mnajua ukweni mgeni haachwi abebe kitu. Wasichana walitujia mbio mpaka langoni, wakatukumbatia, na kila mkono uliotukumbatia ulishuka na mzigo: mikate, sukari, shuka, mikoba. Tukaingia sebuleni mikono mitupu kama watoto. Tukakaa. Sala ikasomwa, ndefu. Jaduong' akaanza kuvuta maneno ya mahari.

Alikuwa bado kwenye fahali wa kwanza Nereah aliponyoosha mkono chini ya kiti kutafuta kitambaa cha kupangusa jasho. Nikauona mkono ule ukipapasa. Nikauona ukisimama.

"Mama Rama," akaninong'oneza, na sikuwahi kumsikia akinong'ona. "Mkoba."

"Uko wapi?"

"Walinipokea."

"Na ile imo?"

Aliinamisha kichwa mara moja kukubali. Jasho lilimshuka hadi kidevuni.

Vijana, nataka mwelewe tulivyokuwa. Watoto wote wa nyumba za Kenya wanajua mkoba wa mgeni una peremende, na boma lile lilijaa watoto. Hilo ndilo nililoliwaza kwanza. La pili, Nereah angepoteza leseni, na alistahili, nami pamoja naye. La tatu, mama wa bwana harusi kukutwa na bastola siku ya kuja kuomba mke! Hakuna ng'ombe wa kufuta tusi hilo. Msichana asingeolewa na kijana yule kamwe, na Sondu nzima ingesimulia mpaka wajukuu. Saa moja kabla Nereah alitaka ndoa ivunjike. Sasa aliniangalia kama mtu aliyepewa alichoomba na kukiogopa.

Yeye hakuweza kuinuka. Mama mkwe hazururi kwenye nyumba ya wakweze, achilia mbali kuingia chumba cha kulala. Lakini mimi ni Mwislamu, na jua lilikuwa limepinda. Nikamwinamia mama mwenye nyumba nikamwomba pahali pasafi pa kuswali adhuhuri.

"Karibu sana, mama," akasema, akafurahi kabisa. "Ingia kwa hiki chumba cha wasichana. Utasamehe, kimejaa mizigo."

Nikaingia. Kitanda kilikuwa kimefunikwa na mikoba, yote myeusi, yote mikubwa, maana mwaka huo mchuuzi mmoja wa Kibuye alikuwa amefungua mtumba wa mikoba ya namna moja na kila mwanamke akanunua. Watoto watatu walikuwa sakafuni, midomo imejaa mkate. Na ukutani, kwenye ukingo wa kitanda, amekaa Awuor na gauni lake la sherehe, akisubiri kuitwa. Mkoba mmoja ulikuwa mapajani mwake. Mikono yote miwili ilikuwa imelala juu ya zipu.

Aliniangalia, akaangalia chini. Kisha akawaambia watoto kwa upole waende jikoni, nyama imeiva. Walipotoka akasema, "Nilikuwa nangoja mtu wenu aje."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mfike. Dada yangu aliuweka hapa akasema ni wa mama mkwe, ukaanguka kando, zipu ilikuwa wazi kidogo. Nikaona." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Watoto walitaka peremende. Nikawaambia huu ni wa mama mkwe, hauguswi. Ndugu zangu wamekuja kuniita nijaribu kitambaa cha kichwa, nikasema tumbo inauma. Wameniletea chai, sikuchukua. Sikutaka kutoa mkono."

Nilimpokea mkoba. Nikageukia ukuta wa nje, ule mnene, nikatoa bastola, nikatoa magazini, kile kikasha cha risasi, nikavuta chuma cha juu, nikatazama, nikatazama tena kama Mzee Okumu alivyonifunza. Nilirudisha bastola tupu ndani, magazini nikafunga kwenye mtandio wangu. Mikono ya msichana yule ilikuwa imetulia mapajani, ila nilipoigusa ilikuwa baridi.

Nikaketi sakafuni nikajua kosa ni la nani. Lilikuwa langu. Niliijua desturi ya kumpokea mgeni mkoba tangu nikiwa na miaka mitano. Mimi mwenyewe nimepokea mikoba isiyohesabika. Nimewapima watu kwa kunawishwa na kwa kukumbatiwa, na huyu mwanamke sikumuuliza ukweni atafanyaje. Bastola kubwa ingemkumbusha kila hatua kutoka Muhoroni. Ndogo ilimnyamazia, akaiacha iende na mikate. Wale wanaowaambia ubaya wa bastola ndogo ni risasi chache hawajakaa kwenye sakafu ile.

Kisha nikaswali, kwa kuwa nilisema nitaswali. Sijawahi kuswali rakaa nne zenye shukrani kama zile, na Awuor alikaa nyuma yangu akinilindia mlango.

Nilirudi sebuleni na mkoba begani. "Mama, dawa zako za presha," nikasema kwa sauti, nikamwekea mapajani. Kwa sauti ya chini nikamwambia iko tupu, nani aliishika, na kwa muda gani. Nereah alinisikiliza akiwa ameangalia mbele. Jaduong' alikuwa anaeleza kwamba fahali wa siku hizi si kama fahali wa zamani.

"Jaduong'," akasema Nereah.

Mama wa kijana hasemi kwenye mazungumzo yale.

"Maliza hiyo maneno. Mpe baba yake fahali mwenye anataka."

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia nivu..."

"Nilikuambia mambo mingi. Huyu ni mtoto wangu. Kama hamna fahali, chukueni lori moja."

Wakweze walicheka mpaka baba mtu akapangusa macho, wakafikiri ni mzaha. Vigelegele vikaanza jikoni kabla habari haijafika vizuri. Awuor akaitwa, akatoka na kitambaa kichwani kimekaa upande, akapita kuwasalimu wageni mmoja mmoja. Alipofika kwa Nereah, Nereah akamvuta karibu. Nilikuwa ubavuni mwao, kwa hiyo nilisikia.

"Hukuogopa?" Nereah akauliza.

"Niliogopa, Mama. Ndiyo maana sikuinuka."

Nimefundisha maafisa, walinzi, matajiri na wake zao. Sijawahi kupata jibu la shabaha bora kuliko hilo.

Tulipoaga, wasichana walikimbia tena kutusindikiza, na kila mmoja akanyoosha mkono kuchukua mzigo wa mgeni mpaka kwenye gari, maana hata kutoka mgeni habebi. Awuor akanyoosha wake kwa mama mkwe.

Nereah aliukumbatia mkoba kifuani kwa mkono mmoja. "Huu nitabeba mwenyewe, nyathina, mpaka Mama Rama anipimie ya kiuno," akasema, na akampa ule mkono mwingine. "Wewe shika hapa."